Ami yetu kafa na saratani ya kongosho. Ni kweli bakteria wa tumboni ndio chanzo?

MwanaLangoni
Salaam wanabaraza.

Tumemzika ami yetu Ijumaa iliyopita hapa Amu (Lamu). Haikutimia miezi mitano tangu aanze kulalamika. Mwanzo alikuwa akiwashwa mwili mzima, anajikuna usiku kucha, sisi tukidhani ni vipele vya joto la kaskazi. Kisha mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka kama udongo mkavu, na macho yakageuka manjano. Hospitali ya kwanza wakampa dawa za ini, akazimeza wiki sita nzima. Tulipovuka Mokowe na kupanda basi la Mombasa alikuwa ameshakonda hata kanzu inamvaa yeye. Picha ya CT ikaonyesha saratani ya kongosho, na imeshafika kwenye ini.

Kilichonileta ni hiki. Matangani, binamu yetu anayesoma ng'ambo kasema kuwa wanasayansi wamegundua saratani hii inahusiana na bakteria wanaoishi matumboni mwetu. Maneno hayo yamezaa mambo mawili. Vijana wawili wa marehemu walikwenda duka la dawa Jumatatu, wakanunua antibiotiki, wanameza "kusafisha tumbo" yasije yakawafika ya baba yao. Mmoja ameshaanza kuharisha. Na jirani wametoka na lao: kama ni bakteria, basi ugonjwa unaambukiza. Kikombe cha kahawa cha ami kimewekwa kando, hakuna anayekigusa, na mjane wake anaona.

Naomba mwenye elimu aseme. Tena upesi, dozi ya vijana ni ya siku kumi na leo ni ya nne.

Zamzam_Mkomani
Poleni sana, Mungu amrehemu. Mimi ni muuguzi. Naanza na la haraka.

Saratani ya kongosho haiambukizi. Haipiti kwa kikombe, sahani, mate, wala kwa kuosha maiti. Mwambie mjane hivyo leo hii, usingoje uzi uishe.

Vijana wasiendelee kujitibu ugonjwa wasiokuwa nao. Huyo anayeharisha aende akaonwe, na aseme wazi kameza nini na kwa siku ngapi. Antibiotiki haichagui, inaua wa nyumbani pamoja na mgeni, na wa nyumbani wakishaondoka yuko bakteria mmoja mbaya anayepata nafasi ya kujaa utumbo na kuuchubua. Nimewaona watu wazima wakilazwa kwa hilo.

KakaMalindi
Poleni. Mimi nijuavyo, bakteria mwilini ni mara kumi ya seli zetu wenyewe, kwa hiyo sishangai wakihusishwa na kila ugonjwa. Halafu swali la mtu asiyejua: kongosho ndiyo bandama?

Maabara_07
KakaMalindi, hiyo "mara kumi" ilirudiwa sana hata vitabuni, lakini ilipigiwa hesabu upya mwaka 2016. Mtu mzima wa kawaida ana bakteria kama trilioni 38 na seli zake kama trilioni 30. Tunakaribiana nao, basi.

Na bandama siyo kongosho. Bandama, au wengu, iko kushoto chini ya mbavu na kazi yake ni ya damu. Kongosho imelala nyuma ya tumbo la chakula, urefu wake kama sentimita 15. Kichwa chake kimekumbatiwa na utumbo mwembamba, mkia wake unaelekea hiyo bandama. Inatoa insulini, na inatoa maji ya kusaga chakula yanayopita kwenye kijifereji hadi utumboni. Kifereji hicho kinakutana na cha nyongo karibu na mlango. Ndiyo maana uvimbe ukiota kichwani mwa kongosho nyongo inazibwa, na mtu anageuka manjano na kuwashwa. Marehemu alikuwa akionyesha hayo tangu siku ya kwanza.

Sasa bakteria. Zamani tulifundishwa kuwa kongosho ni safi, haina kijidudu. Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Weizmann kule Israeli walichunguza vipande vya saratani ya kongosho kutoka kwa wagonjwa 113, na katika 86 wakakuta bakteria. Wengi walikuwa wa jamii zinazokaa utumboni. Na hao bakteria wana kimeng'enya kinachoivunja jemsitabini, dawa ya kemo ambayo wagonjwa wa kongosho hupewa sana, ikawa haina kazi.

Lakini angalia: utafiti huo haukusema bakteria ndio walioleta saratani. Ulisema wamo ndani, na wanaiharibu dawa.

MwanaLangoni
Maabara_07, shukrani. Umenigusa penye jeraha. Ami alipewa dripu mbili za dawa yenye jina kama hilo. Daktari akasema mwili haukuitikia. Kwa hiyo huenda ilikuwa ikiliwa kabla ya kufika?

Maabara_07
Huenda, lakini kwa mgonjwa mmoja hakuna awezaye kukwambia. Uvimbe wa kongosho wenyewe umejizungushia nyama ngumu kama kovu, dawa inapenya kwa shida hata kama hakuna bakteria hata mmoja. Usiubebe mzigo huo moyoni.

MwalimuBaiolojia
Naongeza kwa Maabara_07, maana hapa ndipo binamu alipochota maneno yake, nadhani.

Mwaka 2018 kundi la New York lilichapisha kazi ya panya. Panya hao waliumbwa kimaabara wapate saratani ya kongosho. Waliwapa bakteria waliotiwa rangi inayong'aa kwa njia ya mdomo, kisha wakawakuta bakteria hao hao ndani ya kongosho. Kumbe ndia ipo, wanapanda kutoka utumboni. Halafu wakawapa panya wengine antibiotiki kali za kumaliza bakteria wote, na saratani ikaenda polepole. Walipowarudishia bakteria kutoka kwa panya wagonjwa, ikakimbia tena.

Sababu waliyoitoa ni askari wa mwili, yaani chembe za kinga. Bakteria wale wanawafanya askari waliomo ndani ya uvimbe walegee, wawe kama walinzi waliolishwa chakula kizito, mwizi anapita mbele yao. Bakteria wakiondolewa askari wanaamka, na hata dawa mpya za kuwaamsha askari zinafanya kazi vizuri zaidi.

Kijana akisoma kijuujuu atasema: "Basi nimeze antibiotiki." Lakini panya wale walikuwa na saratani waliyotengenezewa, wanapewa mchanganyiko wa dawa chini ya uangalizi. Kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye kongosho nzima siye panya yule.

NahodhaMstaafu
Mwalimu, umeandika "ndia". Nimejua wewe ni wa kwetu, hata ukijificha.

Poleni watu wa Langoni. Marehemu tulisafiri naye Kismayu zamani. Mtu hodari. Nilipomuona mato yamegeuka niliogopa, nikajua hili si la ini.

FundiMeno
Mmelizunguka tumbo, hakuna aliyetaja mdomo. Mimi natibu meno, na nasema mlango ni huo.

Marekani kulikuwa na uchunguzi wa muda mrefu wa wanaume 51,529 wa kazi za afya, zaidi ya nusu yao madaktari wa meno. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kuwa waliokuwa na ugonjwa wa fizi walipata saratani ya kongosho kwa asilimia 64 zaidi ya wenzao, hata baada ya kuhesabu sigara. Baadaye watafiti wa New York wakachukua mate yaliyokuwa yamehifadhiwa, ya watu 361 waliokuja kupata saratani hii na 371 ambao hawakuipata. Mate yalichukuliwa kabla ya ugonjwa kujulikana. Waliokuwa na bakteria wa fizi aitwaye Porphyromonas gingivalis hatari yao ilikuwa juu kwa kama asilimia 60.

Kila siku tunameza mate yetu, lita moja na zaidi kidogo. Mtu anayetokwa na damu kwenye fizi anawameza hao bakteria maisha yake yote. Hapa Lamu kila nikifungua mdomo wa mtu wa miaka hamsini nakuta ukoga umekuwa jiwe. MwanaLangoni, marehemu meno yake yalikuwaje?

MwanaLangoni
Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka yenyewe mawili au matatu. Na alikuwa mtu wa kutafuna tambuu, mdomo mwekundu kila saa.

NahodhaMstaafu
Tambuu natafuna mimi miaka arubaini na niko hapa nawaandikia.

Zamzam_Mkomani
Nahodha wangu, uko hapa, na Mungu akuweke. Lakini tukutumie picha ya wale uliokuwa ukitafuna nao? Wangapi wako?

Niseme kwa uzito. Tambuu yako ina tumbaku ndani, naijua, natoka mtaa huo huo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeshaamua kuwa tumbaku isiyo ya moshi, ya kutafuna na ya ugoro, inaleta saratani ya mdomo, ya umio na ya kongosho. Kongosho imetajwa kwa jina. Popoo yenyewe, ile kokwa inayotafunwa kwenye tambuu, hata bila tumbaku inaleta saratani ya mdomo. Kwa hiyo FundiMeno anapohesabu bakteria wa fizi, mimi nauliza: mdomo ule ulioharibika umeharibiwa na nini? Huenda bakteria ni moto wa pili, wa kwanza ni tumbaku.

FundiMeno
Zamzam, sikatai tumbaku. Lakini katika wale wa 2007, hata ambao hawakuwahi kuvuta sigara walikuwa na hatari zaidi wakiwa na ugonjwa wa fizi. Fizi ina kesi yake.

MtuWaSiyu
Nimewasoma wote na sijaridhika. Niulize swali la kijijini.

Mnajua birika la chooni la nyumba zetu za zamani. Maji yakitembea ni safi. Mlango wa maji ukiziba yanasimama, yanaota ukijani, viluwiluwi vinajaa. Mgeni akija leo atasema viluwiluwi ndivyo vilivyoziba mlango.

Maabara_07 kasema mwenyewe kuwa uvimbe unaziba kifereji. Kikishazibwa maji yanasimama na bakteria wanapata pa kuzaana. Tena wagonjwa wengi kabla ya upasuaji huingizwa kamera mdomoni hadi utumboni na kuwekewa kijibomba cha kufungua njia ya nyongo. Kamera ile inapita katikati ya bakteria wote wa mdomo na utumbo, halafu inafungua mlango. Baadaye mnakata kipande cha uvimbe, mnashangaa kukuta bakteria! Je, wao walikuja na saratani, au waliingizwa na sisi?

MwalimuBaiolojia
MtuWaSiyu, hilo ni swali la wataalamu kabisa. Kwa ule wa mate halifanyi kazi, maana mate yalichukuliwa miaka kabla ya ugonjwa. Kwa ule wa vipande 113 linafanya kazi sana.

Ila na wewe umelisahau jambo la birika lako. Wazee walikuwa wakitia samaki wadogo humo wale viluwiluwi. Bakteria nao siyo wote viluwiluwi. Wengine ni samaki.

BintiWitu
Bibi yangu alilelewa kwa maziwa ya kibuyu, yaliyofukizwa na kugandishwa, na amefika miaka tisini tumbo halijamsumbua. Hawa samaki wa Mwalimu si ndio waliomo kwenye maziwa lala? Kwa nini vijana wasiache dawa wakanywa maziwa?

MwalimuBaiolojia
Dada, maziwa ya kibuyu yana bakteria hai, hilo kweli, na ni chakula kizuri. Lakini hakuna aliyeonyesha kuwa yanazuia saratani ya kongosho. Bibi amefika tisini kwa mengi, na maziwa huenda ni mojawapo. Wanywe wakipenda, na maziwa yawe yamechemshwa kabla ya kugandishwa, maana ya mbichi yana magonjwa yake.

BintiWitu
Bibi amesikia nikimsomea. Anasema wewe hujapata kuyanywa.

Maabara_07
MtuWaSiyu, umefungua mlango nami niingie nao, maana hili linaniuma kama mtu wa maabara.

Kipande cha kongosho kina bakteria kidogo mno. Ukipima kitu kidogo namna hiyo, uchafu wowote unakudanganya: chembe iliyoko kwenye maji ya kupimia, kwenye glavu, kwenye kifaa. Mimi nimewahi kurudia kipimo mara tatu kwa sababu chupa ya maji "safi" ilikuwa na bakteria wake.

Na kuna mfano mkubwa. Mwaka 2020 jarida la Nature lilitoa makala iliyodai kuwa kila aina ya saratani ina alama yake ya vijidudu, aina zaidi ya thelathini, na kwamba kompyuta inaweza kuzitambua. Dunia ikashangilia. Kisha wengine wakazipitia takwimu zile zile, wakakuta sehemu kubwa ya kilichoitwa bakteria ni vinasaba vya binadamu vilivyosomwa vibaya. Miongoni mwa "alama" za saratani mojawapo kulikuwa na kirusi ambacho makao yake ni kamba wa baharini! Makala ikaondolewa mwaka 2024.

Binamu wa MwanaLangoni inawezekana alisoma habari za 2020, za 2024 zikampita.

NahodhaMstaafu
Kirusi cha kamba? Nimevua kamba Kizingitini tangu sijaota ndevu. Yaani sasa na hao tuwaogope?

Maabara_07
Hapana Nahodha, kula kamba wako kwa amani. Kirusi hicho hakikuwa ndani ya mgonjwa yeyote. Lilikuwa kosa la hesabu.

KakaMalindi
Basi mimi nikaona jingine, kwamba ni kuvu, zile fangasi za mba wa kichwani. Hilo nalo ni kosa la hesabu?

MwalimuBaiolojia
Hilo bado linapiganiwa. Mwaka 2019, kundi la New York tena, walisema kuvu aitwaye Malassezia, ambaye kweli anaishi ngozini na kichwani mwetu sote, anahamia kongosho kutoka utumboni. Walisema kuvu ndani ya kongosho yenye saratani wameongezeka kama mara elfu tatu, na panya waliopewa dawa ya kuua kuvu uvimbe wao ulipungua kasi. Mwaka 2023 wataalamu wengine wakazichambua upya takwimu zile, wakasema hawaoni tofauti ya maana kati ya kuvu wa wagonjwa na wa wazima. Mimi sijafunga hukumu. Habari ya panya kupona kidogo kwa dawa haijaelezwa ikanitosha.

MtuWaSiyu
Mwalimu, kama takwimu za kuvu zimekataliwa, hiyo dawa iliwasaidiaje panya?

MwalimuBaiolojia
Dawa inaweza kufanya kazi kwa njia ambayo aliyeitoa hakuikusudia. Ndilo jibu langu, na najua halijakushibisha.

Zamzam_Mkomani
Mnanipeleka mbali. MwanaLangoni, ami alikuwa na sukari?

MwanaLangoni
Ndiyo. Ilionekana mwaka jana, ghafla. Na tulishangaa, maana hakuwa mnene na kwao hakuna mwenye sukari. Tena alikuwa akikonda.

Zamzam_Mkomani
Hapo ndipo ninapotaka watu wasome mara mbili. Mtu aliyepita hamsini akipata sukari ghafla huku anakonda bila kujaribu, kongosho yenyewe huenda ndiyo inayolia. Siyo kila mwenye sukari mpya ana saratani. Wengi sana hawana. Lakini sukari mpya pamoja na kukonda, maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, au manjano, ni sababu ya kutaka picha mapema. Haitibiwi kwa dawa za ini kwa wiki sita.

Mwaka 2022 duniani waligunduliwa wagonjwa wapya wa saratani hii zaidi ya laki tano, na waliokufa nayo mwaka huo walikaribia idadi hiyo hiyo. Inaua hivyo kwa sababu inachelewa kuonekana. Mimi bakteria nawaheshimu, lakini nikiwa na dakika tano na mgonjwa nitamuuliza tumbaku, sukari, uzito, na kama kwao kuna aliyeugua kongosho, titi au ovari. Yako mabadiliko ya vinasaba ya kurithi yanayoleta zote hizo.

MwanaLangoni
Shangazi yetu alikufa na titi.

Zamzam_Mkomani
Dada wa baba mmoja na mama mmoja na marehemu?

MwanaLangoni
Ndiyo.

Zamzam_Mkomani
Basi hilo vijana walipeleke kwa daktari kwa mdomo wao wenyewe. Lina uzito kuliko dawa wanazomeza. Tuzungumze faragha, nitakuelekeza.

MsomajiKimya
Nasoma humu miaka mingi sijawahi kuandika. Leo naandika kwa sababu ya mamangu.

Mamangu alikutwa na saratani ya kichwa cha kongosho. Ilikuwa bado ndogo. Alipasuliwa, upasuaji mrefu wa kukata kichwa cha kongosho, mfuko wa nyongo na kipande cha utumbo, akapewa kemo. Mwaka huu ni wa sita na alfajiri ya leo kanipikia mahamri. Hatujui kwa nini yeye yuko na wenzake wa wodi moja hawako. Mwalimu kataja samaki wa birika. Yapo maelezo yoyote?

Maabara_07
Karibu sana, na tumsalimie mama.

Yapo, na kwangu ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Mwaka 2019 watafiti wa Houston walilinganisha uvimbe wa waliookoka zaidi ya miaka mitano na uvimbe wa waliokufa mapema, wote wakiwa wamepasuliwa. Katika uvimbe wa waliookoka bakteria walikuwa wa aina nyingi zaidi, na askari wa mwili walikuwa wameingia kwa wingi. Kisha wakachukua kinyesi cha wagonjwa wa makundi tofauti, wakakipandikiza kwa panya. Panya waliopata cha waliookoka uvimbe wao ulikua polepole zaidi.

Mwaka 2023 watafiti wa Ujerumani wakaongeza. Kwa wagonjwa ambao kemo iliwaitikia, damu ilikuwa na kiwango kikubwa cha kitu ambacho bakteria wa utumbo hukitengeneza kutokana na triptofani, moja ya vijenzi vya protini. Kwa panya kitu hicho kiliipa kemo nguvu.

Kwa hiyo bakteria wale wale mmoja anakula dawa, mwingine anaisaidia.

KakaMalindi
Kinyesi cha mtu kupewa panya, sawa. Wasije wakaniambia nipewe mimi.

Lakini triptofani nimeitafuta: imo kwenye samaki, mayai, kunde. Si ndicho chakula chetu? Mamake MsomajiKimya ni mtu wa pwani. Tumepata jibu!

MtuWaSiyu
Na ami wa MwanaLangoni alikuwa akila nini, chokoleti? Alikula samaki wale wale wa bahari ile ile.

MsomajiKimya
Mamangu hapendi samaki kabisa, tangu utotoni.

FundiMeno
Samahani kwa kuuliza: meno yake?

MsomajiKimya
Yote yapo. Anasugua kwa mswaki wa mti kila sala. Na hajawahi kutia tambuu kinywani.

FundiMeno
Sitasema kitu. Nimeandika tu.

Zamzam_Mkomani
Mgonjwa mmoja, FundiMeno. Na huyo aliwahi kuonekana akiwa na uvimbe mdogo unaopasulika. Kwangu hiyo ndiyo iliyomwokoa.

KakaMalindi
Kuna kipimo chochote cha hao bakteria? Mtu apime choo ajue mapema.

Maabara_07
Kimejaribiwa. Mwaka 2022 watafiti wa Hispania walitumia bakteria wa kwenye choo kutenganisha wagonjwa wa kongosho na wazima, wakakijaribu tena kwa wagonjwa wa Ujerumani, na kilitenganisha vizuri, zaidi kikiungwa na kipimo cha damu cha CA 19-9. Jambo la kutia moyo ni kuwa alama zilionekana hata kwa waliokuwa bado mwanzoni. Lakini ni watu wachache, na wote wa Ulaya. Matumbo ya watu wa Amu yana wakazi wengine na chakula kingine. Mtu akikuuzia kipimo hicho leo, kataa.

MtuWaSiyu
Hilo la "wote wa Ulaya" lingekuwa uzi wake. Panya wa New York, mate ya Marekani, choo cha Hispania. Nani amepima Lamu?

MwanaLangoni
Narudi kwenu na habari.

Yule aliyekuwa akiharisha ameacha dawa, ameonwa, amepewa maji ya chumvi na sukari, anaendelea vizuri. Nduguye amekataa. Nimemsomea kazi ya panya ya 2018 mwanzo hadi mwisho, akanijibu: "Lakini saratani ilikwenda polepole, si ndiyo?" Nikakosa la kumwambia ila kwamba yeye hana saratani. Amebakisha siku mbili. Habari ya shangazi imemgusa zaidi, amekubali kuonana na daktari.

Mjane nimemsomea maneno ya Zamzam mbele ya jirani waliokuja kusoma hitima. Hakusema kitu. Jioni alipopita muuza kahawa alikitoa kile kikombe, akanywea yeye mwenyewe barazani.

Zamzam_Mkomani
Mungu ampe subira.

NahodhaMstaafu
FundiMeno, uko kliniki siku gani? Nauliza ya fizi tu. Ya tambuu tutazungumza mbee.

FundiMeno
Alhamisi asubuhi, Nahodha. Njoo bila kutafuna siku hiyo, nizione.

MtuWaSiyu
Mwalimu, nimelala nikiwaza lile birika. Kama bakteria wa mate walikuwapo miaka mingi kabla ya uvimbe, kwa nini watu wengi wenye fizi mbovu hawapati saratani kabisa? Muyi mzima una fizi mbovu.

MwalimuBaiolojia
Kwa sababu saratani hii ni adimu hata hatari yake ikipanda kwa asilimia 60. Lakini najua siyo hilo unaloliuliza. Unauliza nini kinamchagua mmoja. Ngoja nitafute, nitarudi kesho.